Upendeleo wa kisiasa kwenye vyombo vya habari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Uchaguzi ukikaribia, mhariri wa siasa hupokea barua za aina mbili: zinazosema gazeti limenunuliwa na upande huu, na zinazosema limenunuliwa na upande ule. Mara nyingi zote zinahusu habari ileile, ukurasa uleule, siku ileile. Nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati hilo nikikata habari za wenzangu na kuzipa vichwa. Maswali yaliyo hapa ndiyo niliyokuwa nikiulizwa kazini, na mengine mpaka misibani.

## Upendeleo wa kisiasa kwenye habari ni kitu gani hasa?

Ni tabia inayojirudia ya kuchagua, kupanga na kusimulia habari kwa namna inayoufaa upande mmoja wa siasa. Neno la kushika hapo ni "inayojirudia". Mwandishi akikosea jina la mgombea, amekosea tu. Akiwa anakosea majina ya wagombea wa chama kimoja mwezi baada ya mwezi, hapo una haki ya kuanza kuuliza.

Usichanganye upendeleo na uongo. Mwongo anajua kwamba asemacho si kweli, lakini mwenye upendeleo anaweza kuwa anaamini kila neno aliloandika, na ndiyo maana ukimwambia anashangaa. Usichanganye pia na maoni: tahariri na safu za wachambuzi zimewekwa ili ziegemee upande. Sehemu kubwa ya malalamiko niliyowahi kusoma yalihusu safu ya maoni ambayo mlalamikaji aliisoma kama habari. Kosa hilo si la msomaji peke yake. Zamani safu ya maoni ilikuwa na ukurasa wake ndani ya gazeti, ina picha ya mwandishi juu. Siku hizi kiungo kinafika kwenye simu kikiwa kimevuliwa nguo zote, huwezi kujua kimetoka ukurasa gani.

## Habari inaweza kuwa na upendeleo bila kuwa na neno moja la uongo?

Naam, na hiyo ndiyo hali ya kawaida. Chukua takwimu moja: wasio na ajira wamepungua kutoka asilimia 9 hadi asilimia 8. Gazeti moja linaandika "Ukosefu wa ajira wapungua". Lingine linaandika "Watu wanane kati ya kila mia bado hawana kazi". Yote mawili ni kweli. La tatu haliandiki chochote, linaweka mbele kashfa ya waziri. Hilo la tatu ndilo lililofanya uamuzi mkubwa kuliko yote, na hakuna atakayeliandikia barua, kwa sababu hakuna sentensi ya kulalamikia.

Mwaka 1968 watafiti Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill, Marekani, ambao walikuwa hawajaamua wamchague nani. Matokeo yalichapishwa 1972: mambo ambayo wapiga kura hao waliyaona kuwa makubwa yalilingana sana na mambo ambayo vyombo vya habari vilikuwa vimeyapa nafasi kubwa. Watafiti hawakusema magazeti yanawaambia watu wafikirie nini. Walichoona ni kwamba yanawachagulia jambo la kufikiria, na hayo ni madaraka tosha.

Kisha kuna mkasi. Oktoba 2024 BBC ilirusha kipindi cha Panorama kilichounganisha vipande viwili vya hotuba ya Donald Trump ya tarehe 6 Januari 2021, vipande vilivyotamkwa kwa kupishana zaidi ya dakika 50, vikasikika kama sentensi moja. Kila neno lilikuwa lake, ila mpangilio haukuwa wake. Novemba 2025, mzozo huo ulipokolea, mkurugenzi mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness walijiuzulu.

## Kwenye Kiswahili upendeleo unajificha wapi?

Mwangalie kitenzi. Waziri "amefafanua", mpinzani "amedai". Hapo msomaji ameshaambiwa nani anajua na nani anabahatisha, kabla hajafika kwenye hoja yenyewe. "Amebainisha" humpa msemaji ukweli mkononi. "Amekiri" humfanya mkosaji, hata kama alikuwa anaeleza jambo ambalo hakuwahi kulificha. "Amesema" halina mzigo wowote, na ndilo neno ambalo waandishi wachanga wanalikimbia kwa kuliona kavu. Nimefuta "amedai" nyingi sana maishani, na nyingi zilikuwa za watu ambao mwandishi hakuwa na ugomvi nao. Yalikuwa mazoea tu.

Halafu kuna vifo. "Watu watatu wamefariki dunia kwenye maandamano": kama vile waliugua. "Watu watatu wameuawa": kuna aliyeua, hatajwi. "Polisi wamewaua watu watatu": sasa ana jina. Kila moja ina mahali pake. Ikijulikana kuna risasi lakini aliyefyatua hajajulikana, "wameuawa" ndiyo sahihi, na mhariri anayekataa kumtaja mtu bila ushahidi hamfichi mtu. Tatizo linaanza pale kitenzi kinapofuata mshukiwa badala ya ushahidi: waasi wakishukiwa, "wamewaua", askari wakishukiwa kwa ushahidi uleule, watu "wamepoteza maisha". Ukitaka kukipima chombo chochote kwa haraka, kusanya vichwa vyake kumi vya habari za vifo na uangalie ni nani hupewa kitenzi chenye mtendaji.

Na maneno madogo yana sumu yake. "Anayejiita", "kinachoitwa", "eti". Tofauti ya "serikali ya" na "utawala wa". Waandamanaji, vijana wenye hasira, wafanya fujo: huenda ni umati uleule, barabara ileile, saa ileile.

Wapo wanaoona kwamba kukwepa neno zito nako ni kuchagua upande. Oktoba 2023 mawaziri wa Uingereza waliishambulia BBC kwa kutoiita Hamas "magaidi" kwa sauti yake yenyewe; shirika lilikuwa likisema kwamba serikali ya Uingereza inawaita hivyo. Hoja ya BBC ilikuwa kwamba kazi yake ni kueleza kilichotendeka na kumwachia msikilizaji hukumu. Mimi naiunga mkono kanuni hiyo, kwa sharti kwamba itumike kwa wote. Kanuni inayotumika Jumatatu na kusahaulika Alhamisi ni upendeleo uliovaa suti.

## Waandishi wengi wanajulikana kuwa wa mrengo wa kushoto. Huo si ushahidi tosha?

Tuanze na namba. Marekani, ambako jambo hili limepimwa kwa miongo mingi, utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 3.4 tu ya wanahabari wakijitambulisha kuwa Republican, chama cha mrengo wa kulia, na asilimia 36 kuwa Democrat, chama cha mrengo wa kushoto. Zaidi ya nusu walisema hawana chama. Anayesema vyumba vya habari vya huko havifanani na wananchi hajatunga.

Lakini moyo wa mwandishi ni jambo moja, na habari anayoiandika ni jambo jingine. Mwaka 2020 jarida la Science Advances lilichapisha jaribio la Hans Hassell, John Holbein na Matthew Miles. Waliwaandikia maelfu ya waandishi wa siasa barua pepe za mtu anayetaka kugombea ubunge wa jimbo, wakabadilisha itikadi yake kutoka barua moja hadi nyingine, kisha wakaangalia nani atajibiwa. Waandishi wale wale ambao wengi wao waliegemea kushoto hawakuwabagua wagombea wa kulia.

Je, kesi imeisha? Hapana. Jaribio lile lilipima mlango mmoja tu: nani apewe nafasi ya kuhojiwa. Halikupima maswali atakayoulizwa akiingia. Na chumba ambacho kila mtu anatoka kwenye mitaa na vyuo vya aina moja kina pengo la kweli, hata kama hakuna mwenye nia mbaya: kuna swali ambalo hakuna atakayeliuliza, kwa kuwa hakuna aliyemo ambaye linamkera. Nimelishuhudia hilo upande wa dini, upande wa kilimo, na zaidi ya yote upande wa watu wasio na fedha.

## Basi mwenye chombo ndiye anayeamua?

Wakati mwingine waziwazi. Silvio Berlusconi alimiliki televisheni kubwa za binafsi za Italia huku akiwa waziri mkuu kwa vipindi kadhaa kuanzia 1994. Hungaria, Novemba 2018, wamiliki walio karibu na chama tawala walitoa bure vyombo vyao, zaidi ya 400, kwa taasisi moja iitwayo KESMA. Katika nchi ambako serikali ndiyo mtangazaji mkubwa wa biashara, haihitajiki hata kununua gazeti. Matangazo yakikatwa miezi miwili, mhasibu ndiye atakayekwenda kuzungumza na mhariri.

Watu hufikiri mmiliki hupiga simu. Simu haipigwi. Aliyekaa kazini muda wa kutosha anajua ni habari gani itakaa kwenye foleni mpaka ichache, kwa hiyo haandiki. Ndiyo maana upendeleo wa mmiliki ni mgumu kuuthibitisha: hauachi karatasi. Ulipoacha, ulionekana vizuri. Oktoba 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa Marekani, Washington Post ya Jeff Bezos, tajiri wa Amazon aliyeinunua 2013 kwa dola milioni 250, ilitangaza kwamba haitamuunga mkono mgombea yeyote wa urais. Wahariri wa maoni walikuwa wamekwishaandaa tahariri ya kumuunga mkono Kamala Harris. Waliojiondoa usajili walihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Lakini usiishie kwa mmiliki. Matthew Gentzkow na Jesse Shapiro, katika utafiti uliochapishwa 2010, walilinganisha lugha ya magazeti ya kila siku ya Marekani na lugha ya wabunge wa pande mbili: nani anaita kodi ya urithi "kodi ya kifo", nani anaiita "kodi ya mirathi". Utambulisho wa mmiliki ulieleza kidogo sana. Siasa za watu wa eneo ambalo gazeti linauzwa zilieleza zaidi. Gazeti lilikuwa likiongea kama wateja wake.

## Kwa hiyo wasomaji wenyewe nao wanachangia?

Sana, na hakuna chombo kitakachokuambia hivyo kwa sababu wewe ndiye mteja. Usiku wa uchaguzi wa Novemba 2020 Fox News, kituo cha televisheni cha Marekani chenye watazamaji wengi wa mrengo wa kulia, ilitangaza mapema kwamba Joe Biden ameshinda Arizona. Ilikuwa sahihi. Watazamaji walikasirika, wengine wakahamia kwa washindani. Baadaye, kampuni ya mashine za kupigia kura ya Dominion ilipoishtaki Fox, ujumbe wa ndani uliowekwa mahakamani ulionyesha watangazaji wakidharau faraghani madai ya wizi wa kura ambayo kituo chao kilikuwa kikiyapa nafasi hewani, na wakuu wakihofia kuwapoteza watazamaji. Aprili 2023 Fox ilikubali kulipa dola milioni 787.5. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Hapa waliovuta kwa nguvu zaidi walikuwa wamekaa sebuleni.

## Pande zote mbili zikituhumu chombo kimoja, si inamaanisha kiko katikati?

Hii ndiyo faraja kubwa ya wahariri, nami niliitumia mpaka nilipoona aibu. Haina msingi.

Mwaka 1985 Robert Vallone, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha wanafunzi vipande vilevile vya habari za televisheni kuhusu mauaji ya Wapalestina kwenye kambi za wakimbizi za Beirut mwaka 1982. Wanafunzi walioiunga mkono Israel waliona habari zinaipendelea Palestina. Waliounga mkono Waarabu waliona kinyume chake. Hawakutofautiana tu kwa hukumu: walitofautiana hata katika kile walichokumbuka kuwa wamekiona. Na walioijua mada zaidi ndio waliouona upendeleo zaidi. Elimu haikuwatibu.

Kwa hiyo lawama kutoka pande zote zinathibitisha kwamba kuna watu wenye hisia kali pande zote. Basi. Inawezekana upande mmoja unalaumu kwa haki na mwingine unalaumu kwa mazoea. Inawezekana pia chombo ni kibovu kiasi cha kumkosea kila mtu. Namna ya kujua ni kurudi kwenye habari yenyewe na kuisoma mstari kwa mstari, kazi ambayo mlalamikaji na mlalamikiwa wote huwa hawana muda nayo.

## Si inatosha kuzipa pande mbili nafasi sawa?

Chumba cha habari kina msemo wake: "stori haijabalansi". Maana yake habari ina sauti ya upande mmoja tu, mtafute wa pili. Ni kanuni nzuri pale mabishano ni ya kweli: kodi ipande au ishuke, katiba ibadilishwe au ibaki. Inageuka kuwa hatari pale upande mmoja una ushahidi na mwingine una mdomo.

Mfano unaotajwa zaidi ni tabianchi. Maxwell Boykoff na Jules Boykoff walipitia magazeti manne makubwa ya Marekani ya miaka ya 1988 hadi 2002, wakakuta zaidi ya nusu ya habari zilizochunguzwa zikizipa uzito unaokaribiana hoja mbili: kwamba binadamu anachangia joto la dunia, na kwamba mabadiliko ni ya asili tu. Wanasayansi hawakuwa wamegawanyika hivyo. Agosti 2017 kipindi cha Today cha BBC kilimhoji waziri wa fedha wa zamani Nigel Lawson, akasema wastani wa joto la dunia umeshuka kidogo katika miaka kumi iliyopita. Si kweli, na mtangazaji hakumbana. Aprili 2018 mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza, Ofcom, aliamua kwamba kanuni ya usahihi ilivunjwa.

Gaye Tuchman, mwanasosholojia, aliandika mwaka 1972 kwamba kunukuu pande mbili humkinga mwandishi dhidi ya lawama na kesi, hata pale ambapo hakumsogezi karibu na ukweli. Anayejua kazi hii hawezi kumkatalia. Nukuu ya pili mara nyingi hutafutwa saa kumi na moja jioni, kurasa zinakaribia kwenda mtamboni, na anayepatikana ni yule mwenye simu iliyowashwa.

## Upendeleo wote ni wa vyama?

Hapana, na huu usio wa chama ndio ulioleta maafa makubwa. Walter Lippmann na Charles Merz walipitia habari za New York Times kuhusu Urusi kuanzia Machi 1917, mwaka wa mapinduzi. Uchambuzi wao, uliotoka Agosti 1920, ulihesabu kwamba gazeti lilikuwa limeripoti mara 91 kwamba utawala wa Bolsheviki, wakomunisti walioshika nchi, umeanguka au uko karibu kuanguka. Haukuanguka. Hakuna aliyekuwa amewalipa waandishi. Walitamani uanguke, na vyanzo vyao vilitamani hivyohivyo.

Gazeti hilohilo, tarehe 26 Mei 2004, lilichapisha maelezo ya wahariri likikubali kwamba habari zake kadhaa kabla ya vita vya Iraq hazikuchunguzwa vya kutosha: madai ya silaha yaliyotoka kwa wakimbizi waliotaka Saddam Hussein aondolewe, yakathibitishwa na maofisa waliotaka hivyo pia. Gazeti linaloshutumiwa kuwa la kushoto lilikuwa limebeba hoja za serikali ya kulia. Kipimo cha kushoto na kulia kisingeliona hilo hata kidogo. Upendeleo ule ulikuwa wa kuegemea wenye vyeo, watu walio na msemaji, nyaraka na chumba chenye viyoyozi cha kuitia waandishi.

## Sheria zimewahi kujaribu kuutibu upendeleo?

Mara nyingi. Marekani iliwataka wenye redio na televisheni, tangu 1949, wajadili mambo yenye mabishano na wazipe nafasi pande zinazopingana. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliikubali kanuni hiyo 1969, kwa hoja kwamba masafa ya redio ni machache na ni mali ya umma. Ilifutwa 1987, na mwaka uliofuata kipindi cha Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio wa mrengo wa kulia, kikaanza kusikika nchi nzima. Wanaoililia kanuni ile husahau kwamba haikuyagusa magazeti, na kwamba vituo vingine viliona njia rahisi ya kuitii ni kuacha kabisa mada zenye moto.

Uingereza hadi leo inazidai televisheni na redio kutopendelea, lakini magazeti yako huru kushabikia chama, na yanashabikia kwa sauti ya juu. Ufaransa inahesabu dakika za wanasiasa hewani. Februari 2024 Baraza la Taifa la nchi hiyo (Conseil d'État, mahakama yake ya juu ya mashauri dhidi ya serikali), katika shauri lililohusu kituo cha CNews, liliamua kwamba mdhibiti asiwaangalie wanasiasa tu, bali pia watangazaji na wachambuzi wanaoketi mezani. Ni sawa kimantiki. Ila sasa ofisa wa serikali lazima aamue mchambuzi fulani ni wa mrengo gani, na hapo mimi naanza kuwa na wasiwasi. Sheria ya aina hii hupimwa kwa kujiuliza itakuwaje ikishikwa na serikali usiyoipenda.

## Upendeleo unabadilisha kura?

Kidogo, na kidogo kinaweza kutosha. Fox News ilianza Oktoba 1996 na haikufika kila mji kwa wakati mmoja, kwa hiyo Stefano DellaVigna na Ethan Kaplan walipata nafasi ya kulinganisha miji iliyoipata mapema na ambayo haikuipata. Katika utafiti wao wa 2007, chama cha Republican kilikuwa kimeongeza kati ya asilimia 0.4 na 0.7 za kura za urais wa mwaka 2000 katika miji iliyokuwa na kituo hicho. Kumbuka kwamba Florida mwaka huo, na urais pamoja nayo, iliamuliwa kwa kura 537.

David Broockman na Joshua Kalla walifanya la ajabu zaidi: Septemba 2020 waliwalipa watazamaji wa kudumu wa Fox dola 15 kwa saa ili watazame CNN, kituo hasimu. Watu wale walijifunza mambo ambayo hawakuyajua, na baadhi ya misimamo yao ikalegea. Malipo yalipokoma walirudi kwenye kituo chao, na baada ya miezi miwili sehemu kubwa ya mabadiliko ilikuwa imeyeyuka.

## Ile michoro inayopanga vyombo kutoka kushoto hadi kulia inaaminika?

Michoro kama ya AllSides na Ad Fontes inasaidia kukumbusha kwamba chombo chako si cha pekee duniani. Basi. Imetengenezwa kwa siasa za Marekani, na kuwa katikati ya mchoro si kuwa karibu na ukweli.

## Mitandao ya kijamii si inaondoa wahariri na upendeleo wao?

Facebook ilijaribu. Mei 2016 iliandamwa na tuhuma kwamba watu walioratibu orodha yake ya habari zinazovuma walikuwa wakizificha habari za wahafidhina. Agosti ikawaondoa watu hao, kazi ikaachiwa mashine. Siku chache tu baadaye orodha ilibeba habari ya uongo kwamba mtangazaji Megyn Kelly amefukuzwa Fox News. Mashine haikuwa na chama. Haikuwa pia na mtu wa kuuliza, "hii tumeithibitisha?"

## Si afadhali kila chombo kitangaze upande wake na yaishe?

Hilo limefanyika sana. L'Humanité ya Ufaransa, iliyoanzishwa na Jean Jaurès mwaka 1904, haikuwahi kumficha mtu siasa zake, na magazeti ya Marekani ya mwanzo wa karne ya 19 yalikuwa ya vyama bila haya. Kuna uaminifu katika hilo: msomaji anajua anaingia nyumba ya nani.

Bado sikubali kwamba inatosha. Kutangaza upande hakumpi mtu ruhusa ya kuacha kupiga simu ya pili, na msomaji wa gazeti la chama anastahili idadi sahihi ya waliokufa kama msomaji mwingine yeyote. Ningechukua gazeti lenye upande unaojulikana na ukurasa wa masahihisho unaofanya kazi, kuliko lile linaloapa halina upande na halijawahi kusahihisha kitu. Kwa kweli ukurasa wa masahihisho ndio wa kwanza ninaoutafuta kwenye chombo nisichokijua. Natazama makosa yaliyosahihishwa yaliwaumiza akina nani. Kama chombo kinasahihisha tu makosa yaliyowakera wakubwa, nimeshapata jibu.

## Nikiona habari yenye upendeleo, nifanye nini?

Andika, lakini ujue barua yako itasomwaje. Inayoanza na "nyote mmenunuliwa" husomwa hadi hapo tu. Inayosema "kwenye aya ya nne mmeandika waziri amefafanua na katibu wa chama amedai, ilhali wote wawili hawakutoa ushahidi" hupelekwa kwa mwandishi, na mwandishi hulazimika kujibu. Taja kichwa, tarehe, sentensi, na unachotaka kifanyike: kusahihishwa, kuongezwa sauti iliyoachwa, au kuelezwa tu kwa nini. Usipojibiwa ndani ya wiki mbili, nenda kwenye baraza la habari au kwa mdhibiti wa utangazaji, ukiwa na nakala ya barua ya kwanza, kwa kuwa hilo ndilo jambo la kwanza watakalokuuliza. Na piga picha ya habari kabla hujaandika. Vichwa vya habari vya mtandaoni hubadilishwa kimyakimya.